Tumsome Kenneth Clark mpaka mwisho

Kenneth Clark akitajwa katika masomo yetu anatajwa kwa dakika mbili, na katika dakika hizo mbili ameshika wanasesere. Mwanasaikolojia mweusi wa Marekani aliwaonyesha watoto weusi wanasesere, wengine weupe na wengine wa kahawia. Watoto wengi wakamchagua mweupe. Mahakama ya Juu ikaona, ikazipiga marufuku shule za utengano. Kisha mwalimu anahamia jambo lingine. Nimeisikia hadithi hiyo katika kozi tatu tofauti, na kila mara wenzangu walitikisa kichwa kwa huruma, wakaandika neno moja katika daftari: complexe.

Naandika kwa sababu hadithi hiyo, ikisimuliwa hivyo, inafanya kazi ambayo Clark mwenyewe aliilalamikia. Inaweka ugonjwa ndani ya mtoto na kuwaacha wakubwa waende zao. Sisi wa fakulte ya lugha tungepaswa kuwa wa kwanza kuliona kosa, maana lile jaribio lilikuwa jaribio la maneno kabla ya kuwa la wanasesere.

Kwanza wenye haki wapewe haki yao. Wazo halikuanza na Kenneth. Mamie Phipps, mzaliwa wa Hot Springs katika jimbo la Arkansas, alimaliza shahada yake ya pili katika Chuo Kikuu cha Howard, Washington, mwaka 1939, kwa kazi juu ya namna watoto weusi wadogo wanavyoanza kujitambua. Alikuwa ameolewa na Kenneth mwaka 1937, na Kenneth ndiye aliyeingia katika utafiti wa mke wake. Wote wawili walipata udaktari Columbia, mume mwaka 1940, mke mwaka 1943, weusi wa kwanza na wa pili kupata udaktari wa saikolojia katika chuo kile. Msimamizi wa Mamie alikuwa Henry Garrett, profesa aliyeamini kwamba mweusi huzaliwa na akili pungufu. Mwaka 1952 huyo Garrett alisimama mahakamani Virginia kutetea shule za utengano, katika kesi ileile ambayo Kenneth alitoa ushahidi upande wa wanafunzi weusi. Mwenye kudhani kwamba sayansi ya wakati ule ilikuwa upande mmoja na ujinga upande wa pili, akumbuke kwamba Garrett alikuwa amekwisha kuwa rais wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani.

Sasa jaribio lenyewe, jinsi lilivyochapishwa mwaka 1947. Watoto walikuwa 253, wa miaka 3 mpaka 7. Kati yao 134 walitoka shule za weusi watupu katika Arkansas, na 119 walitoka Springfield, Massachusetts, ambako weusi na weupe walikaa darasa moja. Mbele ya mtoto waliwekwa wanasesere wanne wanaofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi ya ngozi na ya nywele. Mtoto hakuulizwa "unaonaje?" wala "unajisikiaje?". Aliombwa mara nane, na kila ombi lilianza na neno "nipe". Nipe unayependa kucheza naye. Nipe aliye mzuri. Nipe anayeonekana mbaya. Nipe mwenye rangi nzuri. Kisha nipe anayefanana na mtoto mweupe, na mtoto wa rangi, na mtoto Negro. La mwisho: nipe anayefanana na wewe.

Asilimia 67 walimpenda mweupe kwa mchezo, na asilimia 59 walisema anayeonekana mbaya ni wa kahawia. Hizo ndizo namba za zile dakika mbili. Lakini asilimia 66 walipoombwa anayefanana nao walimtoa wa kahawia bila kukosea, na namba hiyo haisimuliwi, kwa sababu haitupatii mtoto aliyepotea tunayemtaka.

Kuna namba mbili nyingine ambazo mtu wa isimu hapaswi kuzipita. Walipoambiwa "mtoto wa rangi", asilimia 93 walimchagua wa kahawia. Walipoambiwa "mtoto Negro", walimchagua asilimia 72 tu. Mwanasesere ni yuleyule, mtoto ni yuleyule, dakika ni ileile, na watu wanaotajwa ni walewale. Kilichobadilika ni neno. Moja lilikuwa la nyumbani, limekwisha kuzoeleka mdomoni mwa mama na jirani. Lingine lilikuwa bado linasafiri kuelekea kwa mtoto. Rangi haikuingia kichwani mwake kwa mkupuo mmoja. Iliingia neno kwa neno, kila neno na siku yake ya kufika, kila neno na mtu aliyelileta.

Na mpangilio wa maombi? Akina Clark wanaeleza kwamba walilazimika kuweka maombi ya kupenda mwanzoni na ombi la "anayefanana na wewe" mwishoni. Katika majaribio ya awali waliona kwamba mtoto aliyeanza kwa kusema "huyu ni mimi" alielekea kumpenda huyohuyo baadaye. Wao walilihesabu hilo kuwa hitilafu inayoficha upendeleo wa kweli, wakaiondoa. Kwa sheria za utafiti wao walikuwa na haki. Mimi naona hapo walikuwa wameshika kitu kikubwa kuliko walichokitafuta: mtoto akipewa nafasi ya kujitaja kwanza, mwanasesere wa kahawia hageuki kuwa mbaya kwa urahisi. Ubaya ulihitaji kutangulia. Ulihitaji kuulizwa kabla ya jina la mtoto.

Tuje kwenye udhaifu, maana wapo wanaomtetea Clark kana kwamba akiguswa ataanguka. Mwaka 1951 mawakili wa NAACP walimwita, naye akasafiri na wanasesere wake mpaka wilaya ya Clarendon, South Carolina, akawapima watoto 16. Kumi walimpenda mweupe, 11 walimwita wa kahawia mbaya. Watoto 16! Mwanafunzi wa fakulte hii akileta TFC yenye watoa habari 16 na hitimisho juu ya nchi nzima, atarudishwa kabla ya kukaa. Tena wakili wa South Carolina, John W. Davis, mzee aliyekuwa amewahi kugombea urais wa Marekani, alizisoma namba za 1947 vizuri kuliko marafiki wengi wa Clark. Aliona kwamba watoto wa kaskazini, wale waliochanganywa na weupe, walimkataa wa kahawia zaidi kuliko watoto wa kusini. Ni kweli. Kwa mchezo, mweupe alipata asilimia 72 kaskazini na 62 kusini. Kwa "anayeonekana mbaya", wa kahawia alitajwa na asilimia 71 kaskazini na 49 kusini. Basi, akasema wakili, utengano unadhuru nini?

Clark alijibu kwamba utulivu wa mtoto wa kusini si afya. Huko Arkansas kulikuwa na mtoto aliyeulizwa yupi anafanana naye, akacheka, akamwonyesha wa kahawia, akajiita mwenyewe kwa lile tusi ambalo weupe waliwaita weusi. Massachusetts baadhi ya watoto walilia, wengine wakakimbia chumba. Nani ameumia zaidi, anayelia au anayecheka? Namba haziwezi kujibu swali hilo, na Davis alijua haziwezi. Lakini ukizisoma bila kutafuta mshindi wa kesi, zinasema jambo ambalo pande zote mbili hazikulitaka: jeraha halikutoka katika jengo la shule peke yake. Mtoto wa Springfield alikaa benchi moja na weupe na bado alikuwa ameambiwa. Magazeti yalimwambia, maduka, vitabu vya kusomea, namna mwalimu alivyolitamka jina lake.

Hukumu ilitoka tarehe 17 Mei 1954, majaji wote tisa kwa sauti moja. Tanbihi ya 11 ya hukumu ile inataja kazi za wanasayansi wa jamii, na jina la kwanza ni la K. B. Clark. Kinachotajwa hapo ni ripoti yake ya 1950 juu ya athari za ubaguzi kwa tabia ya mtoto. Makala ya wanasesere yenyewe haimo. Jina la Mamie halimo. Tanbihi, jamani. Sisi tunaozichukia tanbihi wakati wa kuandika, tufikiri kidogo juu ya ile.

Kilichokosekana katika hukumu ndicho kilichomuuma Clark kwa miaka mingi. Mwaka 1952 wanasayansi 32 walikuwa wametia saini maelezo yaliyopelekwa mahakamani, na Clark alikuwa mmoja wa walioyaandaa. Maelezo yale yalisema pia kwamba utengano unawaharibu watoto weupe: unawafundisha kujipima kwa kumdharau mwingine, na unawavuruga wanaposikia wakubwa walewale wakihubiri usawa na kuukana kwa matendo. Mahakama ilichukua nusu ya kwanza ikaiacha ya pili. Iliandika juu ya moyo wa mtoto mweusi, ikanyamaza juu ya moyo wa mtoto mweupe. Toka siku ile jambo likawa la weusi: wao ndio waliovunjika, wao ndio wa kupelekwa pengine watengenezwe.

Na utekelezaji ulifuata sarufi hiyohiyo. Mwaka 1955 Mahakama ilitoa amri ya pili, iliyofunga haraka na taratibu katika kifungu kimoja cha maneno, na majimbo ya kusini yalisikia neno taratibu tu. Wilaya ya Prince Edward, Virginia, ilizifunga shule zake zote za serikali kuanzia 1959 mpaka 1964 ili weusi na weupe wasikae pamoja. Kwingineko, pale utengano ulipoondolewa, mara nyingi ni shule ya weusi iliyofungwa na ya weupe iliyobaki. Maelfu ya walimu weusi walipoteza kazi. Kama mgonjwa ni mtoto mweusi, mwalimu wake mweusi ni sehemu ya ugonjwa. Hakuna aliyeitamka sentensi hiyo mbele ya watu, lakini wengi waliitekeleza.

Hapa ndipo zile dakika mbili huishia, na hapa ndipo kazi ya Clark inapoanza kunivutia. Angeweza kuishi kwa jina la 1954. Yeye na Mamie walikuwa na kituo chao cha Northside huko Harlem tangu 1946, cha kuwahudumia watoto na wazazi, na Mamie alikiongoza mpaka karibu na mwisho wa maisha yake. (Aliaga dunia mwaka 1983. Nani kati yetu anaweza kutaja alichokifanya katika miaka ile kama thelathini? Kituo hakina tanbihi.) Kenneth alifundisha City College, mjini New York. Mwaka 1962 akaanzisha HARYOU, mradi wa vijana wa Harlem, akatoa ripoti nene mwaka 1964, kisha akajiuzulu baada ya kugongana na mbunge Adam Clayton Powell juu ya nani ataushika mradi na fedha zake. Mwaka uliofuata alichapisha Dark Ghetto, na katika kitabu kile hamtazami tena mtoto peke yake. Anatazama mwenye nyumba, shule inayomtarajia mtoto ashindwe, polisi, na watu wa nje wenye mamlaka. Neno analolirudia ni kukosa nguvu. Huyo ni mtu aliyeona namna sentensi yake ilivyosomwa, akairudia kwa njia nyingine ili isisomwe vibaya tena.

Tume ya Kerner ilipochunguza fujo za miji ya Marekani, Clark aliiambia kwamba amesoma ripoti ya fujo za Chicago za 1919, na ya Harlem ya 1935, na ya Harlem ya 1943, na ya Watts ya 1965, na kwamba ni kama kutazama filamu ileile tena na tena: uchunguzi uleule, mapendekezo yaleyale, uzembe uleule. Tume ikayaweka maneno yake ndani ya ripoti yake ya 1968, ikaipeleka ripoti kabatini pamoja na nyingine.

Sitamchora kuwa mtakatifu. Mwaka 1971, akiwa rais mweusi wa kwanza wa chama kilekile cha Garrett, alitoa hotuba akapendekeza kwamba viongozi wakubwa wa dunia wapewe dawa za kupunguza ukatili. Watu walishangaa, na mimi nashangaa pamoja nao, ingawa nikifikiria baadhi ya viongozi mshangao unapungua. Aligombana pia na vijana weusi waliotaka mabweni na idara zao wenyewe. Mwaka 1969 alijitoa katika baraza la Antioch College kwa sababu hiyo. Kwake utengano ulikuwa utengano hata ukiombwa na aliyetengwa. Nadhani aliwasikiliza vijana wale kidogo mno. Walikuwa wanaomba hasa kile ambacho maombi ya 1947 yalikiweka mwishoni: kusema "huyu ni mimi" kabla ya kuulizwa nani mzuri. Alikaa miaka 20 katika baraza linalosimamia elimu ya jimbo la New York, 1966 mpaka 1986, akipigania shule zilizochanganyika, na alipofariki mwaka 2005 shule za mji ule zilikuwa bado zimetengana kwa wingi.

Clark ana uzi mwembamba unaofika kwetu. Huko Howard, mmoja wa walimu wake alikuwa Ralph Bunche, ambaye mwezi wa Agosti 1960 alitua Élisabethville kwa niaba ya Umoja wa Mataifa kuzungumza na Tshombe. Uzi wa pili ni mnene zaidi. Mwaka uleule wa 1954, Brussels, profesa André Ombredane alichapisha utafiti juu ya "mentalité" ya Weusi wa Congo: watu wa hapa walionyeshwa picha, wakasimulia hadithi, na hadithi zikapimwa. Simfananishi Ombredane na Garrett. Nasema tu kwamba nchi yetu nayo iliulizwa maswali na wanasaikolojia katika miaka hiyohiyo, na hakuna mahakama iliyongoja majibu.

Leo wa kuuliza ni sisi. Katiba ya 2006 inaitaja Swahili pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba kuwa lugha za taifa, na sheria ya elimu ya 2014 inazipa nafasi katika shule ya msingi. Lakini mtoto anaingia darasa la kwanza akiwa tayari anajua lugha ipi ni nzuri. Anaijua lugha ya ofisi, na anaijua ile ambayo jirani akiisema mbele ya mgeni anaomba radhi. Tena tusijifiche nyuma ya Kifaransa. Ndani ya Swahili yenyewe tuna wanasesere wetu. Tuna Swahili bora, na tuna ile tunayoiita Kingwana, au Swahili ya mtaani, au "Swahili iliyoharibika". Mwanafunzi akisema "batoto" au "niko naenda" ukumbini, kicheko kinatoka kwa wanaosomea isimu, watu ambao wiki iliyopita walijibu katika mtihani kwamba hakuna lugha mbaya. Kisha tunaandika katika kazi zetu kwamba vijana "wana complexe ya lugha yao". Tumekwisha kuandika tanbihi ya 11.

Nimesikia hoja kwamba siasa ya lugha si kazi yetu, kwamba sisi tunaeleza tu na serikali itaamua. Wenye hoja hiyo wana sababu nzuri wakitazama yaliyompata Clark: alieleza, wengine wakaamua, na uamuzi ukabeba nusu ya maelezo. Lakini Garrett naye alisema anaeleza tu. Mwenye kuchagua neno la swali amekwisha kuingia katika uamuzi.

Njia ya kuanza ipo na haihitaji fedha nyingi. Mwaka 1960, Montréal, Wallace Lambert na wenzake walichapisha jaribio la sauti: msemaji mmoja mwenye lugha mbili anasoma maneno yaleyale mara mbili, kwa Kiingereza na kwa Kifaransa, na wasikilizaji wanadhani ni watu wawili. Wasemaji wa Kifaransa wenyewe waliipa sauti ya Kiingereza alama za juu zaidi katika sifa nyingi. Tunaweza kufanya hivyo hapa kwa simu ya mkononi: msemaji mmoja, Kifaransa, Swahili bora na Swahili ya nyumbani, na swali nani ana akili, nani ni mwaminifu, nani ungependa akufundishe. Ningependa kundi moja la wanafunzi lianze na swali "nani anasema kama ninyi nyumbani?" na kundi la pili limalizie na hilo, tuone kama mpangilio unabadilisha majibu kama ulivyoyabadilisha kwa watoto wa akina Clark. Na wasikilizaji wa kwanza wasiwe watoto. Tuanze na walimu wa shule za msingi, kisha wasaidizi na maprofesa wa fakulte hii, majina yakiwa yamefichwa, kabla hatujaingia darasa lolote kumwambia mtoto "nipe".